Silinda Hedi ya Injini ya Kale: Kuagiza, Kunakili au Kupima?

Kimandolu ni sehemu ya mashariki ya mji wa Arusha, ambako barabara kuu iendayo Moshi hupita chini ya miteremko ya Mlima Meru. Kandokando ya barabara kama hiyo gereji hazikosekani, wala katika gereji haikosekani injini iliyofunguliwa ikingojea kipuri. Mara nyingi kipuri hicho hupatikana dukani, au huagizwa na kufika baada ya siku chache. Lakini ziko injini ambazo viwanda vyake viliacha kuziunda zaidi ya miaka sabini iliyopita. Fundi apewapo injini ya namna hiyo, swali la kwanza analolisikia kutoka kwa mwenye mali ni hili: kipuri kitatoka wapi?

Swali hilo ni la haki, lakini si la kwanza. Kabla ya kuuliza kipuri kitatoka wapi, yapasa kuuliza kipuri hicho kina vipimo gani, navyo vimeandikwa wapi. Nchi ambayo mafundi wake wana mikono hodari na moto wa kutosha, lakini haina mazoea ya kupima na kuweka kumbukumbu za vipimo, itaendelea kuagiza hata kitu ambacho ingeweza kukisubu nyuma ya nyumba. Ili jambo hili lieleweke, na uchukuliwe mfano mmoja ambao kwa mtazamo wa kwanza waweza kuonekana kuwa mchezo tu: silinda hedi ya pekee kwa ajili ya injini ya kale ya mbio za kasi.

Injini yenye kifuniko tu

Mwaka 1932 kampuni ya Ford ya Marekani ilitoa injini ya silinda nane zilizopangwa kwa umbo la herufi V, ambayo iliuzwa kwa bei iliyowezekana kwa watu wa kawaida. Injini hiyo iliendelea kuwekwa katika magari ya Ford huko Marekani hadi mwaka 1953. Magari na malori yaliyoitumia yalifika pia Afrika Mashariki, kabla ya Vita Kuu ya Pili na wakati wa vita vyenyewe. Jipu aina ya Willys za wakati huo, ingawa zilikuwa na silinda nne tu, zilifuata mpango uleule wa valvu.

Katika mpango huo valvu haziko juu ya silinda kama zilivyo katika injini nyingi za leo. Ziko ubavuni, ndani ya bloku, zikiwa zimeelekezwa juu. Kwa sababu hiyo silinda hedi haina valvu, haina springi, wala haina sehemu yoyote iendayo. Ni kifuniko kilichofungwa kwa boliti, chenye mashimo ya plagi, njia za maji ya kupoza, na vyumba vya mwako vilivyochongwa upande wa chini. Wamarekani waliipa injini hiyo jina la kichwa bapa. Kama ipo silinda hedi ambayo karakana ndogo yaweza kuthubutu kuitengeneza, ni hii.

Baada ya vita vijana wa California waliinunua injini hiyo kwa bei ndogo na kwenda kuijaribu katika vitanda vya maziwa yaliyokauka. Mbio zao hazikuwa za magari kufukuzana. Kila gari lilikimbia peke yake katika mstari mnyoofu na kushindana na saa. Kuanzia mwaka 1949 mashindano hayo yalifanyika pia katika uwanda wa chumvi wa Bonneville, katika jimbo la Utah. Hata leo yako madaraja yaliyotengwa kwa ajili ya injini za kichwa bapa peke yake, ili zisishindanishwe na injini za kisasa.

Hedi zilizotoka kiwandani hazikuwatosheleza vijana hao. Waliotengeneza nyingine hawakuwa wenye viwanda vikubwa. Vic Edelbrock na Barney Navarro, ambao majina yao yanajulikana hadi leo kwa wapenda injini, walianza katika karakana za kawaida. Walichora, wakatengenezesha violezo, wakasubisha alumini, kisha wakachonga na kujaribu. Mwanzo wa kazi yao ulikuwa mchoro wenye vipimo.

Hesabu iliyo chini ya kifuniko

Wepesi wa umbo la hedi usimdanganye mtu. Katika injini ya Ford ya baada ya vita, kipenyo cha silinda ni milimita 81 na mwendo wa pistoni ni milimita 95 hivi. Mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kukokotoa kwamba pistoni moja husukuma sentimita za ujazo 491. Iwapo nafasi inayobaki juu ya pistoni iliyofika kileleni, pamoja na unene wa gasketi, ni sentimita za ujazo 84.6, basi uwiano wa mgandamizo ni 6.8 kwa 1. Nafasi hiyo ikipunguzwa hadi sentimita 70, uwiano hupanda hadi 8 kwa 1. Tofauti ya hedi hizi mbili, kwa kila silinda, ni ujazo usiofikia vijiko vitatu vya chai.

Je, vijiko hivyo vina faida gani? Kwa kanuni ya mzunguko wa Otto, ambayo hufundishwa katika fizikia ya joto, sehemu ya joto igeuzwayo kuwa kazi huongezeka kadiri uwiano wa mgandamizo unavyoongezeka. Kutoka 6.8 hadi 8, ongezeko la kinadharia ni kama asilimia 5, bila kuongeza hata tone moja la petroli.

Lakini hapa ndipo injini ya valvu za ubavuni inapodai busara. Hewa iingiayo hupitia ubavuni, hupanda juu ya valvu, kisha hupinda na kushuka ndani ya silinda. Dari ya hedi ikishushwa ili kuongeza mgandamizo, njia hiyo ya hewa nayo huwa nyembamba, na injini hukosa pumzi. Anayetaka mgandamizo hupoteza hewa, naye atakaye hewa hupoteza mgandamizo. Mwingereza Harry Ricardo, katika miaka iliyofuata Vita Kuu ya Kwanza, alionyesha njia ya kupatanisha mambo haya. Alishusha dari juu ya pistoni hadi ikakaribia kuigusa, akaacha chumba cha mwako juu ya valvu. Pistoni ifikapo kileleni, hewa iliyobanwa upande mmoja hukimbilia chumbani kwa msukosuko, mwako huenda haraka, na injini haigongi upesi. Kwa hiyo umbo la dari, ambalo kwa jicho ni mabonde na vilima visivyo na maana, limejaa hoja za kisayansi.

Liko jambo jingine linalowahusu hasa watu wa Meru. Arusha iko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, na uwanda wa Bonneville uko kwenye mwinuko unaokaribiana na huo. Katika mwinuko kama huu kanieneo ya hewa ni kama asilimia 85 ya ile ya Dar es Salaam. Silinda hujaa hewa pungufu, na injini hupoteza nguvu. Lakini kwa sababu hiyohiyo, injini ya uwiano wa 8 kwa 1 ikiwa Arusha hufikia kanieneo ya mwisho inayokaribiana na ile ya injini ya 6.8 kwa 1 ikiwa pwani. Hedi iifaayo injini ya Kimandolu basi si lazima iwe ileile iifaayo injini ya Kariakoo. Akiiagiza tu kutoka orodha ya duka la ng'ambo bila kufanya hesabu hii, mnunuzi atalipa fedha nyingi kwa kitu kilichokusudiwa mahali pengine. Na gari lililotengenezwa kwa ajili ya mlimani likiteremshwa pwani bila tahadhari, huenda likagonga hadi pistoni zitoboke.

Kwa nini kunakili hakutoshi

Mafundi wa mitaani katika miji mingi ya Afrika Mashariki huyeyusha alumini chakavu na kusubu sufuria, vifuniko na vipuri vidogo. Ujuzi huo ni hazina, wala haukuanza jana. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 1978 ulionyesha kwamba wahenga wa Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, walifua chuma tangu kale katika tanuri ambazo hewa yake ilipashwa moto kabla ya kufika kwenye makaa. Moto si mgeni katika nchi hii.

Hata hivyo, fundi akichukua hedi ya zamani, akaikandamiza katika mchanga na kumimina alumini katika alama iliyobaki, atashindwa. Alumini ipoapo hunywea kwa takriban asilimia 1.3 ya urefu. Hedi yenye urefu wa sentimita 50 itatoka ikiwa fupi kwa zaidi ya milimita 6. Vyumba vya mwako havitakaa tena juu ya silinda zake, na ujazo wa kila chumba utakuwa umepungua kwa karibu asilimia 4. Kiolezo cha kweli, kwa hiyo, huchongwa kikiwa kikubwa kuliko kitu chenyewe, kwa kiasi kilichokokotolewa, na kuongezewa unene pale ambapo uso utachongwa baadaye. Tena hedi ya zamani huwa imepinda kwa joto la miaka mingi na kukwanguliwa mara kadhaa. Anayeinakili hunakili pia ugonjwa wake.

Suala la pili ni aloi. Alumini chakavu si kitu kimoja. Rimu za magari kwa kawaida husubiwa kwa aloi yenye silikoni kama asilimia 7 na magnesi kidogo, na aina hiyo ndiyo itumikayo pia kwa silinda hedi nyingi. Pistoni huwa na silikoni karibu asilimia 12. Fremu za madirisha ni aloi nyingine kabisa. Vikichanganywa vyote katika chungu kimoja, hakuna ajuaye kilichotoka. Aidha, alumini iliyoyeyuka hunyonya hidrojeni kutoka katika unyevu. Chuma chakavu kikitiwa chunguni kikiwa na maji au mafuta, hedi itajaa vitundu vidogo visivyoonekana, na maji ya kupoza yatapenya hadi ndani ya silinda. Hata aloi iliyo sahihi haijawa tayari mpaka ipashwe joto karibu na nyuzi 540 za Selsiasi kwa saa kadhaa, itoswe majini, kisha ipashwe tena joto dogo ili igangamae.

Haya si mambo ya kupuuzwa. Katika mwako, kanieneo ndani ya silinda yaweza kufika baa 30. Juu ya eneo la silinda ya milimita 81 pekee, bila kuhesabu eneo lililo juu ya valvu, hiyo ni kani ya zaidi ya tani moja na nusu, ikirudiwa mara nyingi kila sekunde. Sufuria ikipasuka, mboga humwagika. Hedi ikipasuka katika gari liendalo kasi, linalomwagika huenda likawa damu.

Mkongwe wa Invercargill

Yawezekana msomaji akasema kwamba mambo haya ni ya wenye mitambo ghali. Maisha ya Burt Munro yanamjibu. Munro alizaliwa mwaka 1899 na kuishi Invercargill, mji ulio kusini kabisa mwa New Zealand, mbali na viwanda vya Marekani kuliko hata Arusha ilivyo. Mwaka 1920 alinunua pikipiki aina ya Indian Scout, yenye valvu za ubavuni, ambayo mwendo wake haukuzidi kilomita 90 hivi kwa saa. Aliitengeneza upya kwa muda wa zaidi ya miaka arobaini. Alisubu pistoni kwa kumimina aloi katika makopo ya zamani. Alichonga konrodi kutoka katika ekseli ya trekta. Valvu alizihamisha kutoka ubavuni hadi juu. Mwaka 1967, akiwa na umri wa miaka 68, aliiendesha pikipiki hiyo Bonneville na kuweka rekodi ya wastani wa karibu kilomita 296 kwa saa katika daraja la injini zisizozidi sentimita za ujazo 1,000.

Husimuliwa kwamba maikromita yake ilikuwa spoku kuukuu ya gurudumu. Hapo pana funzo. Ghali ya chombo siyo iletayo usahihi, bali tabia ya mtu asiyekubali kukisia. Munro pia aliviweka vipande vyake vilivyovunjika katika rafu, badala ya kuvitupa. Rafu hiyo ilikuwa kumbukumbu ya makosa, nayo ndiyo iliyomwezesha asirudie kosa lilelile mara mbili. Karakana ngapi za Afrika Mashariki zina rafu kama hiyo?

Hoja za wanaopinga

Wapo watakaosema kwamba injini za kale ni mchezo wa matajiri, na kwamba nchi yenye mahitaji mengi haina sababu ya kuhangaika nazo. Kwanza, yafaa ikumbukwe kwamba mashindano ya magari si jambo geni hapa. Safari ya Afrika Mashariki ilianza mwaka 1953 na kwa miaka mingi ilipita katika barabara za Tanganyika. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania, aliishinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Tangu mwaka 2003 yamekuwapo pia mashindano ya Safari kwa magari ya kale.

Hata hivyo hoja yenye uzito ni nyingine. Injini za valvu za ubavuni hazikuendesha magari ya fahari peke yake. Injini ndogo za mpango huohuo zimevuta pampu za maji na kuendesha mashine nyingi za mashambani. Pampu ikisimama wakati wa kiangazi kwa sababu ya hedi iliyopasuka, bustani ya mboga hukauka, awe mwenyewe tajiri au maskini. Anayeweza kupima, kuchora na kusubu hedi ya Ford ya silinda nane hatashindwa na hedi ya pampu yenye silinda moja. Mchezo huo ni mtihani tu, na atakayeufaulu atakuwa na ujuzi wa kuwahudumia wengi.

Wapo pia watakaosema kwamba kuagiza ni rahisi zaidi. Kwa hedi mbili tu, hilo laweza kuwa kweli, na si busara kulikana. Kiolezo, viini vya mchanga, majaribio yaliyoharibika na saa za mashine huenda vikagharimu kuliko kifurushi kutoka ng'ambo. Lakini kifurushi kikishafunguliwa hakiachi kitu nyuma isipokuwa boksi. Kiolezo kilichochongwa hubaki, mchoro hubaki, na kijana aliyeshika kalipa hubaki akiwa fundi zaidi ya alivyokuwa. Hasara ya kazi ya kwanza ni karo ya shule.

Yafaayo kutendwa

Arusha haina upungufu wa vyombo. Chuo cha Ufundi Arusha kilifunguliwa mwaka 1978. Shirika la usanifu wa mitambo, TEMDO, liliundwa kwa sheria ya mwaka 1980, na kituo cha zana za kilimo na ufundi wa vijijini, CAMARTEC, kikafuata mwaka 1981. Shirika la viwanda vidogo, SIDO, limekuwapo tangu mwaka 1973, na Shirika la Viwango tangu mwaka 1975. Huko Tengeru kipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Nelson Mandela. Wilayani Hai, katika mkoa jirani, kilijengwa kiwanda cha zana za mashine katika miaka ya 1980 kwa ushirikiano na Bulgaria. Kinachohitajika ni daraja kati ya majengo haya na fundi wa barabarani.

Daraja hilo laweza kuanza kwa mambo matatu yasiyo makubwa. La kwanza ni hifadhi ya violezo na michoro: kila kipuri kinachotengenezwa katika chuo au shirika la umma kiachiwe mchoro wenye vipimo, aloi iliyotumika na maelezo ya kilichoharibika, na fundi yeyote aruhusiwe kuusoma. La pili ni huduma ya kupima: fundi wa Kimandolu aweze kupeleka hedi au kipande cha alumini, akaambiwa kwa ada ndogo kimepinda kiasi gani na kina nini ndani yake. La tatu ni chuma chakavu kutengwa kwa aina tangu kinapookotwa, rimu peke yake na pistoni peke yake, kazi ambayo haihitaji mtambo wowote.

Shule za sekondari nazo zina sehemu yao, wala zisingoje wizara. Bureti iliyomo katika maabara ya kemia inatosha. Na iombwe gereji hedi moja ya zamani iliyotupwa. Isafishwe, igeuzwe chumba kikiwa juu, plagi ikiwa imefungwa mahali pake. Kipande cha kioo au plastiki angavu chenye tundu dogo kipakwe grisi ukingoni na kuwekwa juu ya chumba. Kisha mafuta mepesi yateremshwe kutoka katika bureti, kupitia tunduni, mpaka hewa yote itoke. Kwa kuwa chumba huweza kuzidi sentimita za ujazo 50, bureti ijazwe tena na masomo yote mawili yaandikwe. Wanafunzi watakuta kwamba vyumba vya hedi moja havilingani. Waulizwe kwa nini, na wakokotoe kila kimoja kinaleta uwiano gani wa mgandamizo katika injini iliyotoa hedi hiyo. Katika kipindi kimoja watakuwa wamegusa hesabu, fizikia, kemia na ufundi, na watakuwa wamefanya kazi ileile iliyofanywa na watengenezaji wa hedi za mbio.

Matokeo ya kipindi hicho yasiishie katika madaftari. Yaandikwe kwa wino katika kadi, pamoja na jina la injini na mwaka wake, na kadi hiyo irudishwe gereji ilikotoka hedi. Fundi akiisoma, akaibandika ukutani, siku atakapoulizwa kipuri kitatoka wapi atakuwa na jibu la kuanzia.